Kupeana Mkono

Miaka kumi na tisa nilisimama lango la mwalo, Kirumba,
rula mkononi, sentimita hamsini,
nikipima sangara kabla lori halijawashwa.
Aliyepungua hakutakiwa kutoka.
Hakutakiwa, nasema.

Dereva mmoja, Bulugu, alikuwa na kawaida yake.
Anashuka anacheka, "Mzee Lugwisha, za tangu jana?"
ananipa mkono, na ndani ya mkono
kitu kimekunjwa mara nne.
Kiganja changu kilielewa kabla kichwa hakijauliza.
Lori likapita na watoto wa sangara
chini ya barafu, macho wazi.

Leo nipo Bugando, juu kilimani,
mguu umefungwa bandeji, ziwa dirishani linang'aa kama bati jipya.
Doa lilianza unyayoni, jeusi,
dogo kama mbegu ya papai.
Nilidhani mwiba wa furu. Nikalichokonoa kwa wembe.
Miezi minane nikilichokonoa.

Daktari Nkwimba ni rika la kitinda mimba wangu.
Kachora maduara mawili nyuma ya bahasha ya eksirei.
"Huyu ni askari wa damu yako.
Anazunguka usiku na mchana, anapapasa kila chembe,
anauliza: wewe wa hapa?
Mwilini mwake pana protini, kama kiganja kilichonyooshwa.
Chembe nzima, ya kwako, ikikishika
askari anatulia, anapita zake.
Ni breki. Bila hiyo angechoma nyumba
aliyoajiriwa kuilinda."

Kalamu ikahamia duara la pili, akalijaza wino.
"Na hii ndiyo saratani. Imejifunza.
Imeotesha mkono unaofanana na wa wenyeji.
Askari anafika, silaha anazo, anaiona kabisa,
nayo inampa mkono..."

"Anafungua lango," nikasema.

Akanitazama. "Mzee, ulisomea haya?"
Hapana, Daktari. Niliyafanya.

Walikata kipande cha unyayo wakakitia rangi.
Kama mkono ule upo, utageuka hudhurungi.
Ukageuka. Mwingi, alisema, kama kutu kwenye nanga.

Dawa yenyewe haiui uvimbe.
Dawa isiyoua ni ya nini basi?
Inakwenda kukaa katikati ya viganja viwili,
kama glavu iliyovalishwa kiganja cha askari,
mwizi ananyoosha mkono, hapati pa kushika,
na askari anakumbuka mshahara wake ni wa nini.

Inatoka mbali, kwa ndege, ndani ya kasha la barafu.
Nilicheka mpaka mshono ukauma.
Uwanja ule ule minofu yetu inapopandia
ikiwa imelala kwenye barafu,
ndipo inaposhukia chupa yangu.
Shemeji yangu wa Misungwi ameuza ng'ombe sita.
Kabakiza dume, na hasira.

Nkwimba hakunificha. Kwa wengine inafanya kazi,
kwa wengine haifanyi kitu.
Na askari aliyeondolewa breki hachagui vizuri:
anaweza kuvamia utumbo, tezi ya shingo, mapafu.
"Ukiharisha usisubiri asubuhi. Piga simu."
Nimeandika namba ukutani kwa mkaa,
mke wangu kanuna, ukuta ulikuwa mpya.

Chupa ya nne. Mikono inawasha tangu juzi.
Nesi anauliza, inauma?
Inawasha, nasema. Anaandika.
Sijui ni nani huyo anayetembea ndani yangu,
kama kaamka, au kakosea mlango.

Jumamosi Bulugu alikuja kunijulia hali.
Kazeeka. Kaleta machungwa kwenye mfuko wa karatasi.
Akasimama miguuni pa kitanda, akacheka kile kicheko,
"Mzee Lugwisha, za tangu jana?"
akanyoosha mkono.

Wangu ulikuwa na sindano, plasta, mrija wa dripu.
Nikamwonyesha.
Akaushusha wake polepole,
hakujua auweke wapi.
Mwishowe akaanza kumenya chungwa.